Alasiri za Mpasua Mbao

Nyinyi mnaopita mbele ya kibaraza changu asubuhi mnanipa shikamoo huku mguu mmoja umeshatangulia barabarani, na marahaba yangu inawafuata mgongoni. Siwalaumu, nami nilikuwa hivyohivyo. Lakini juzi mmoja wenu alisimama. Akaniuliza kama ni kweli wanayosema wazee wa hapa Kisarawe, kwamba enzi ya Mwingereza mimi nilikuwa nikiitwa Bwana Mbao, nina mashimo ya kupasulia huku na huku msituni, na kwamba siku nilipopewa kazi kubwa kuliko zote niliikataa nikarudi nyumbani kulima muhogo. Akaniuliza kama nilirogwa.

Wapo waliosema hivyo. Wengine walisema mke wangu alinitilia kitu kwenye mchuzi. Kwa hilo la pili sibishi sana, maana mchuzi wa Mwanaidi ulikuwa na kitu kweli, na kitu chenyewe ni tui la kwanza lisilotiwa maji. Basi kaeni kidogo. Mnakokwenda hakutahama.

Siku hizi mbao zinatoka mashineni, inalia mara moja na gogo limeshakwisha. Zamani mbao ilitoka kwa watu wawili. Mnachimba shimo la kina cha kusimama mtu, mnakingamisha miti miwili juu yake, kisha mnaviringisha gogo la mvule au mkongo mpaka likae hapo juu. Mmoja anapanda juu ya gogo, mwenzake anaingia shimoni, na kati yao msumeno mrefu wenye mpini huku na mpini huku. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anavuta, na ndiye anayekula vumbi la mbao.

Mimi nilianza chini. Msitu wenyewe wa siku zile siukumbuki, nakumbuka nyayo za Mzee Kondo tu, maana ndizo nilizozitazama kutwa. Alikuwa na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichopinda pembeni, kama kinachotaka kugeuka kuona nani anamfuata. Nilipokuwa sina la kufanya, nilikuwa nikizungumza na kile kidole moyoni.

Mzee Kondo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, wa maneno machache. Mara ya kwanza kushika msumeno nilitaka aone kwamba kijana wa Mwinyimvua ana nguvu, basi nikawa nauvuta kwa nguvu ukishuka, na ukipanda nausukuma kwa nguvu zilezile. Tulipofika mwisho wa gogo ubao ulitoka mnene upande mmoja na upande wa pili mwembamba kama chapati. Nilitoka shimoni nikiwa mweupe kwa vumbi kama maiti aliyetiwa karafuu maiti, nikingoja matusi.

Hakunitukana. Aliketi juu ya gogo akaninyooshea msumeno nitazame. Akasema, "Meno yake yametazama chini, mwanangu. Ukishuka unakata. Ukipanda haukati kitu, wewe unajichosha na mimi unanipotezea mstari. Ukipanda, pumzisha mikono."

Ubao ule ulioharibika aliuchonga mbuzi ya kukunia nazi, akampelekea mama yangu pamoja na salamu, kwamba mwanao leo amepasua ubao wake wa kwanza. Mama aliitumia mbuzi ile miaka mingi, inayumba kidogo ukiikalia, na kila mgeni akiyumba alielezwa sababu.

Mengi nilijifunza kwake. Msumeno unanolewa asubuhi, mikono ikiwa bado haijatetemeka, na tupa isukumwe mbele tu, usiirudishe kwa kusugua. Meno unayapinda moja huku, moja kule, yapate nafasi ya kupita, lakini ukizidisha msumeno unakula mbao nusu na unga nusu. Ukishapasua hatua kadhaa, tia kabari nyuma ya msumeno, gogo lisije likaubana. Na usikilize. Msumeno wenye afya unatoa sauti ya mtu anayepumua usingizini. Ukisikia unakoroma, simama, tazama, kuna kitu.

Moja tu sikulielewa kwake. Jua likifika utosini, Mzee Kondo alikuwa anashuka. Hata kama imebaki mikono miwili tumalize gogo, anashuka, anafuta msumeno kwa mafuta, anaufunga kwenye gunia, ananawa, anasali, anakwenda zake nyumbani. Wapasuaji wengine walikuwa wakiendelea mpaka kiza. Walimwita Bwana Nusu Siku. Nyumba yake ilikuwa ya makuti, na kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa ileile ya Idi. Mimi kijana nilimpenda, lakini nilimwona mtu aliyeshindwa. Nilijiambia, nikishajua kazi nitamwonyesha kazi inavyofanywa.

Vita vya Hitila vilipokwisha, Dar es Salaam ilianza kujengwa kama watu wamechanganyikiwa. Maghala, majumba ya maofisa, maduka, kila kitu kinataka mbao. Tajiri mmoja wa Kihindi, mfanyabiashara wa mbao, alisikia habari zangu, akaja mpaka Kisarawe kunitafuta. Alitaka mtu wa kusimamia wapasuaji msituni, mwenye kuelewana na Bwana Miti wa serikali ili magogo yagongwe muhuri wa ruhusa, na mwenye kuhakikisha kwamba lori likifika halirudi tupu. Nikamwambia mtu huyo amempata.

Rafiki yangu Sefu nikamfanya msaidizi. Sefu alikuwa pandikizi la mtu, anacheka hata msumeno ukimkata. Tulianza na mashimo machache, yakaongezeka. Tukapiga kambi ndani kabisa, upande wa Kazimzumbwi. Nikapata baiskeli, nikapata saa ya mkononi, nikaezeka nyumba bati, na watu walikuwa wakija jioni kulitazama likiwaka jua la magharibi. Hapo ndipo nikawa Bwana Mbao. Nikipita sokoni watu wanahama kwenye benchi nikae. Sitawadanganya kwamba sikupenda, nilipenda sana.

Mwanaidi nilimwoa kabla ya bati. Kwao ni Janga, ng'ambo ya Soga, watu wa mpunga. Alikuwa mwanamke wa kucheka taratibu, na alipocheka alikuwa anaziba mdomo kwa ncha ya kanga hata kama hakuna mtu. Mwanzoni nilikuwa nikirudi nyumbani kila siku. Halafu nikawa narudi Alhamisi jioni kwa ajili ya Ijumaa. Halafu lori likawa linakuja hata Ijumaa, nikawa narudi nikipata nafasi, na nafasi ikawa haipatikani. Nilikuwa natuma mchele, sukari na kitenge kwa mtu anayekwenda mjini. Nilifikiri kitenge kinajua kuongea.

Mwili ulianza kunisemesha mapema, nami nikajifanya kiziwi. Kikohozi kilikuja, nikasema ni vumbi. Usingizi uliondoka, nikasema ni mawazo ya kazi. Chakula kikapoteza ladha, nikasema mpishi wa kambi hajui chumvi. Mpishi masikini ya Mungu aliongeza chumvi mpaka watu wakagoma kula. Nilikuwa na umri ambao babu zenu wengine walikuwa bado wanacheza ngoma, na mimi nikipanda kilima cha Kisarawe napumzika kila kwenye mti kama nasalimiana nao.

Asubuhi moja nilikuwa juu ya gogo, namwonyesha kijana mpya namna ya kushika mstari. Sefu alikuwa shimoni. Nikahisi vidole vyangu vimeachia mpini bila mimi kuviambia. Nilivitazama vikifunguka, kama vidole vya mtu mwingine. Nikakaa kitako juu ya gogo. Sefu akapiga kelele kutoka chini kwamba mbona nimeacha, akidhani ni mzaha, na nilitaka kumjibu lakini pumzi haikutosha maneno. Walinishusha, wakanibeba kwa machela ya miti na gunia mpaka zahanati.

Mganga wa zahanati alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akaniuliza mambo ambayo sikuyatarajia. Nalala saa ngapi. Nakula na nani. Mara ya mwisho kukaa bila kufanya kitu ilikuwa lini. Nikamwambia mimi sikuja kuhojiwa, nipe dawa. Akasema dawa ya kikohozi atanipa, lakini moyo umechoka, na kwa moyo uliochoka hana chupa. Akaniambia nikae nyumbani mpaka aniruhusu mwenyewe.

Nilikaa siku chache tu. Lori lilikuwa linakuja, na nilimjua Sefu, ni hodari lakini hajui kubishana na dereva. Asubuhi moja nikavaa viatu. Mwanaidi alikuwa anafagia uani. Hakunizuia, hakulia, hakuniuliza narudi lini. Alisimama na ufagio wake akanitazama mpaka nikakata kona. Nilidhani amekubali.

Kesho yake, saa za kukaribia adhuhuri, nilisikia kelele upande wa njia ya kuingilia kambini. Vijana walikuwa wameacha misumeno, wanashangaa. Nikatoka kwa hasira kuwarudisha kazini, nikamwona Mwanaidi. Ana mkeka umekunjwa kichwani, juu ya mkeka chungu, kwapani kuku jike, na mkononi ameshika binti yetu Zuhura, ambaye alikuwa ndio kwanza anajua kukimbia. Walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka Kisarawe, njia yote ya msituni, na ile njia hata wanaume hawakuipenda peke yao.

Nikamuuliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba," akasema. "Nimehamia."

Nikamwambia kambi ya wapasua mbao si mahali pa mwanamke na mtoto, kuna nyoka, kuna miti inaanguka, kuna wanaume midomo michafu. Akautua mkeka akaukung'uta. Akasema nyoka hata Kisarawe wapo, na midomo itasafishika. Nikamwambia ana nyumba ya bati, anaiachaje. Hapo ndipo alipoinua uso, akasema kwa sauti ndogo, ili vijana wasisikie, lakini walisikia wote, "Mimi niliolewa na mtu, Kibwana. Sikuolewa na bati."

Sefu alicheka mpaka akakaa chini. Mwanaidi alikwisha kuweka mafiga.

Jioni ile kambi nzima ilikula bada, ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi, na mpishi wetu alikula kuliko wote. Lakini nililowataka mjue ni jambo la Zuhura. Nilimwita aje akae nami. Alikuja kwa adabu, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, akasema, "Shikamoo, Bwana Mbao."

Watu walicheka, na mama yake akaangalia pembeni. Mtoto hakuwa na kosa. Ndilo jina alilolisikia kila siku, dukani, kisimani, mlangoni kwetu. Bwana Mbao ametuma mchele. Bwana Mbao ni mgonjwa. Kwake yeye Bwana Mbao alikuwa mtu mmoja mkubwa anayekuja nyumbani mara chache, na ambaye akija lazima unyamaze kwa kuwa amechoka. Niliitikia marahaba.

Mwanaidi alikaa kambini. Alifagia, akawafulia vijana, akawafundisha kunawa kabla ya kula, akapanda mbegu za maboga kwenye unga wa mbao uliooza, yakaota. Mchana alikuwa ananiletea chakula palepale kwenye shimo na haondoki mpaka nimalize. Kula nimeketi, na mtu ananitazama, kulinishinda mwanzoni. Nilikuwa nimezoea kula nikitembea. Zuhura naye alianza kunisogelea, kwanza kwa ajili ya kabari ndogo nilizomchongea, kisha kwa ajili yangu. Siku aliyonivuta shati akaniita baba, nilikuwa nabishana na dereva wa lori, na yule dereva alipata alichotaka chote.

Katika hali hiyo ndipo tajiri alipokuja mwenyewe. Gari lake halikuweza kuingia, akatembea kwa viatu vyake vizuri mpaka kambini. Akaketi kwenye kipande cha gogo, akanywa chai ya Mwanaidi, akaeleza. Ilikuwa kazi ya mbao za serikali, kubwa, ya misimu mingi, msitu wenyewe uko kusini, upande wa Rufiji. Alitaka mtu mmoja wa kuibeba, na mtu huyo ni mimi. Angeniwekea lori la kwangu. Baada ya kazi ile, alisema, sitashika tena msumeno maisha yangu yote. Na alikuwa anasema kweli, hakuwa mtu wa kudanganya.

Vijana walinitazama kama watu wanaotazama embe linalokaribia kuanguka. Sefu alikuwa anaminyaminya vidole. Mwanaidi alichukua vikombe akaenda kuvisuuza. Nilimwomba tajiri anipe mpaka Ijumaa.

Usiku huo sikumuuliza Mwanaidi, wala yeye hakuniuliza. Asubuhi nikashika njia kwenda kwa Mzee Kondo. Alikuwa ameshaacha kupasua, macho yake hayaoni tena mstari. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuingia uani kwake, tulikuwa tunaagana njia panda. Nilipofika nyuma ya ua wa makuti nilisikia anazungumza, nikasimama nisije nikakatiza mazungumzo ya watu.

Alikuwa anasema kwamba mkongo ule wa karibu na kisima umetoa maua, ya kijani yenye wekundu ndani. Kwamba kima wamerudi na mmoja ana mtoto amemng'ang'ania tumboni. Kwamba maji ya kisima leo yametulia na ameona sura yake, amezeeka vibaya. Sauti ya mwanamke ikacheka, ikamuuliza huyo mtoto wa kima ana rangi gani.

Nilipiga hodi nikaingia. Mke wake, Bi Tatu, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba uani, uso ameuelekeza kwenye sauti yangu, si kwangu. Alikuwa kipofu. Macho yalimwondoka akiwa bado bi harusi, kwa maradhi. Ndipo nikaelewa kwamba kwa miaka yote ile, jua likifika utosini na sisi tukimcheka, Mzee Kondo alikuwa anarudi nyumbani na mwanga wa mchana kumsimulia mkewe msitu. Alikuwa akimwongoza mkono mpaka shambani, akimwambia huu ni muhogo umefika kiunoni, hapa kuna jani jipya.

Nikawaeleza kilichonileta. Mzee Kondo alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza aliwezaje kutosheka.

"Sikutosheka kila siku," akasema. "Nilitamani bati, Kibwana. Mvua ya masika ikivuja nilitamani sana. Lakini jua likisimama nilikuwa najiuliza nani ananingoja, na jibu nilikuwa nalijua."

Hakunipa shauri lingine. Bi Tatu ndiye aliyeongeza. Alisema mke wangu amempitia siku ile alipokuwa anahamia kambini, kuomba maji ya mtoto. "Alikuwa anatetemeka mwili mzima," akasema. "Nilishika mkono wake nikasikia. Lakini hakutaka kupumzika, alisema akipumzika ataogopa na kurudi."

Mimi nilikuwa nimemwona akifika kichwa wima na kuku kwapani. Nilidhani ni mwanamke asiyeogopa.

Ijumaa tajiri alikuja. Nilimwambia kazi ile ampe Sefu, nami nitamsaidia Sefu kuianza kwa kumpa kila ninachokijua, lakini mimi nabaki na shimo moja, karibu na nyumbani, na nitafanya kazi mpaka jua la kichwa. Aliniuliza kama nimechukizwa na jambo. Nikamwambia hapana. Akachora chini kwa fimbo. Kisha akasema ana watoto kwao Bara Hindi, na yeye hakuwahi kumwona mdogo wao akijifunza kutembea. Alinipa mkono akaondoka.

Msidhani kwamba kesho yake nilikuwa mtu mwenye raha. Miezi ya mwanzo ilikuwa taabu. Alasiri zilikuwa ndefu mno, sikujua zinatumiwaje. Nilikuwa nakaa uani nahesabu misumari ya bati. Niligombana na kuku. Nilimfundisha Mwanaidi namna bora ya kupanga kuni, mpaka akaniomba kwa heshima zote niende nikatembee. Sokoni benchi halikunipisha tena, na wapo waliokuwa wakinyamaza nikikaribia. Siku nyingine nilikuwa nasikia lori linanguruma likielekea kusini, moyo unalifuata.

Mwanaidi akaona hatari, akanichukua kwao Janga. Tulipanda gari moshi mpaka Soga, kutoka hapo kwa miguu, Zuhura mabegani mwangu ananiambia kila anachokiona kana kwamba mimi sina macho. Mama mkwe alinipa jembe. Mimi niliyeshika msumeno tangu ujana sikujua kulima mpunga, nililima mistari iliyonyooka kama ubao, na wanawake wa Janga walikuja kutazama shamba la fundi, wakacheka wakashika mbavu. Nikacheka nami. Nilipocheka nilitazamia kikohozi kije, hakikuja. Nilisimama pale kwenye tope nikakingoja. Jioni nilikula samaki wa mto Ruvu na wali mpya, nikaomba tena, na mama mkwe akamtazama binti yake.

Usingizi ulirudi baada ya chakula. Nguvu ya vidole ilirudi mwisho. Nilipasua kwenye shimo langu moja asubuhi, na mchana nikarudi. Wakati mwingine tulikwenda shamba, wakati mwingine nilitengeneza kitanda au mlango wa jirani, na wakati mwingine hatukufanya chochote. Mwanaidi akisuka ukili, mimi nikinoa msumeno kwa tupa, tunazungumza mambo ya bure kabisa. Nani amemwoa nani. Kwa nini bata hawapendi mvua na wanaishi majini. Alikuwa anabisha kwamba wanapenda.

Na Sefu? Mnangoja niwaambie kwamba Rufiji ilimmaliza. Haikummaliza. Alifanikiwa, alijenga nyumba ya mawe Dar es Salaam, akaoa tena, akapata lori na la pili. Alikuwa mtu wa kambi, anapenda kelele, anapenda kuhama, na usingizi wake ulikuwa wa mtoto mchanga popote alipolala. Kazi ile ilimfaa yeye kama ambavyo isingenifaa mimi. Alikuwa akija kunitembelea, analala hapa siku mbili, anakula, anacheka, anakwenda zake. Kuna siku nilimwonea wivu alipoondoka, na kuna siku nadhani yeye alinionea. Kwa hiyo msiondoke hapa mkasema Kibwana amesema msitafute. Tafuteni. Lakini mtu asikupimie mafanikio yako kwa kamba yake, maana kila gogo lina unene wake. Na mwili ukikusemesha, ujibu siku hiyohiyo.

Baadaye mashine zikaja, mashimo ya msituni yakafukiwa na majani, langu na ya wenzangu vilevile. Niliendelea na vitanda na milango. Milango mingi mnayoifunga kwa kishindo hapa mjini ni yangu, ifungeni polepole.

Mwanaidi alifariki wakati wa vuli. Aliumwa kifua kwa muda mfupi, Zuhura akaja kutoka kwa mumewe, tukamuuguza pamoja. Alikwenda alasiri, akiwa ameegemea ukuta wa uani kwa kuwa alitaka jua, na mkono wake ulikuwa mikononi mwangu. Baada ya maziko watu walikaa nami, kila mtu ananipa pole. Mzee mmoja mwenzangu, aliyefiwa na mkewe kabla yangu, aliniinamia akaninong'oneza kwamba yeye kilichomtesa zaidi ni maneno aliyokuwa amemwekea mkewe mpaka apate nafasi, na nafasi haikuja. Akaniuliza yangu ni yapi, labda nikiyasema yatanipungukia.

Nilitafuta. Nilikaa pale kwenye mkeka wa msiba, nikatafuta kwa bidii kila mahali moyoni, neno moja nililokuwa sijamwambia Mwanaidi. Sikulipata.